Kuvu ya Baba Dogo Inakunywa Maji Gani?

Mwezi wa Julai Nairobi hauna mvua ya kutajika. Mawingu hutanda tangu alfajiri na baridi humpenya mtu hadi mifupani, lakini matone yanayofika ardhini ni machache mno yakilinganishwa na yale ya Aprili. Hata hivyo, ni katika mwezi huo mkavu ambapo kuta nyingi za Baba Dogo hulowa. Kona iliyo nyuma ya kabati huota madoa meusi, godoro linalogusa ukuta hunuka uvundo, na viatu vya ngozi vilivyosahaulika uvunguni hutoka vimevaa manyoya ya kijivu. Mpangaji akilalamika, keateka, yaani msimamizi wa jengo, ana majibu mawili: nunua Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo, usugue, au subiri landilodi alete rangi.

Majibu hayo yote mawili yanamkabili adui aliyekwisha kuingia na kuacha mlango aliopitia wazi. Vijimbegu vya kuvu vimo katika hewa ya kila nyumba, iwe Muthaiga au Korogocho, na hakuna sabuni ya kuvimaliza. Chakula cha kuvu nacho hakikosekani: vumbi, karatasi, mbao, pamba, ngozi, hata rangi yenyewe. Kitu cha pekee ambacho mwenye nyumba anaweza kuinyima kuvu ni maji. Mahali palipolowa pakikaa na unyevu kwa saa 24 hadi 48, kuvu huanza kuota. Pakikaushwa kabla ya hapo, kwa kawaida haioti. Kwa hiyo mbele ya doa jeusi, swali la kwanza ni maji yametoka wapi.

Baba Dogo ni mahali pazuri pa kuulizia swali hilo. Wadi hiyo ya eneo bunge la Ruaraka, nje kidogo ya barabara ya Outer Ring, ina viwanda upande mmoja na ghorofa za kupangisha upande mwingine. Wengi wa wanaoishi mitaa ya Glucola, Kasabuni au kuelekea Lucky Summer hutembea kwa miguu kwenda kazini. Nyumba ya kawaida zaidi ni chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, kilichopangwa pamoja na vingine kandokando ya koridoo, choo na bafu vikiwa vya kushirikiana. Ghorofa moja huwa imesimama karibu sana na nyingine, hivi kwamba madirisha ya upande hutazama ukuta wa jirani.

Mtafiti Marie Huchzermeyer aliandika kitabu kizima kuhusu majengo ya namna hii, Tenement Cities, kilichotoka 2011. Ndani yake aliziweka ghorofa za Nairobi kando ya zile za Berlin ya karne ya 19, mji ambao nao ulijazwa na wajenzi binafsi waliotaka kila futi ya kiwanja ilipe kodi. Berlin ilikuwa na desturi moja ambayo mkazi wa Baba Dogo ataielewa bila kuelezwa. Jengo jipya lilipomalizika, plasta ikiwa bado mbichi, maskini walikaribishwa wakae humo kwa kodi ya chini hadi kuta zikauke. Zikishakauka walihamishwa, wakaingia wapangaji wa bei kamili. Wajerumani waliwaita Trockenwohner, yaani watu wa kukausha nyumba kwa kuishi ndani yake. Nairobi haina jina la watu hao, lakini ni kawaida kuona pazia linapepea dirishani ghorofa ya pili huku ghorofa ya tano mafundi bado wanamimina slabu. Zege na plasta mbichi hubeba maji mengi ambayo huchukua miezi kutoka, na hayana pa kupitia ila chumbani mwa mpangaji wa kwanza.

Hayo ni maji ya mjengo mpya, nayo huisha yenyewe chumba kikipata hewa. Yanayobaki baada ya hapo yana njia tatu za kuingia: kutoka juu, kutoka chini na kutoka ndani.

Maji ya juu ndiyo rahisi kutambua. Hufuata mvua ndefu za Machi hadi Mei na zile fupi za Oktoba hadi Desemba. Slabu ya ghorofa ya mwisho ikipasuka, gata ikiziba, au tangi la juu likimwagika kila usiku bila mtu kuangalia, doa hutokea kwenye dari au sehemu ya juu ya ukuta, na hukua siku moja au mbili baada ya mvua. Bomba linalovuja ndani ya ukuta wa bafu hufanya vivyo hivyo, isipokuwa doa lake halijali msimu.

Maji ya chini hupanda kutoka ardhini kupitia mawe na simiti. Nyumba iliyojengwa vizuri huwekewa tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi, lile ambalo mafundi huliita DPC. DPC ikirukwa ili kuokoa fedha, au ardhi ya nje ikifukiwa hadi ikaipita, unyevu hupanda ukutani, mara nyingi hadi kama mita moja kutoka sakafuni. Dalili yake ni rangi inayofura na kubanduka kwenye mstari ulio sawa kuzunguka chumba, pamoja na unga mweupe. Unga huo wengi huudhania kuvu, kumbe ni chumvi iliyobebwa na maji kutoka ardhini. Kuutambua ni rahisi: ukidondoshewa tone la maji chumvi huyeyuka na kutoweka, lakini kuvu hubaki. Malandilodi wengi hupaka nusu ya chini ya ukuta rangi ya mafuta ili ioshwe kwa urahisi. Ukuta unaonyonya maji kutoka chini hauwezi kupumua nyuma ya rangi hiyo, nao huitupa nje vipandevipande.

Njia ya tatu ndiyo inayoeleza fumbo la Julai, na ndiyo inayofanya kazi usiku kucha katika vyumba vingi zaidi. Hesabu yake inaweza kufanywa hapa.

Chumba cha futi kumi kwa kumi chenye dari ya kawaida kina hewa ya takriban mita za ujazo 24. Hewa yenye joto la nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi za mvuke katika kila mita ya ujazo. Maana yake ni kwamba chumba kizima, hewa yake ikishiba kabisa, hubeba kama gramu 400 za maji, ambazo hazifiki nusu lita.

Sasa ihesabiwe jioni moja. Gesi ya kupikia inapoungua hutoa maji: kila kilo moja ya gesi huzalisha takriban kilo 1.6 za mvuke, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 hadi uishe humwaga chumbani zaidi ya lita 9 ambazo hakuna aliyezichota bombani. Mapishi ya jioni moja yaliyotumia gramu 200 za gesi huacha theluthi moja ya lita. Sufuria ya maharagwe iliyochemka hadi ikaiva hupoteza nusu lita nyingine. Watu wanne wakilala saa nane, pumzi na jasho lao huongeza zaidi ya lita moja. Na kama nguo zimefuliwa na kukamuliwa kwa mkono, kisha zikaanikwa kwenye kamba ndani ya chumba kwa kuwa za juu ya paa huibwa, hizo peke yake zinaweza kutoa lita 2 au zaidi. Jumla inakaribia lita 4, mara kumi ya kile ambacho hewa ya chumba inaweza kubeba.

Kilichozidi lazima kiende mahali. Dirisha likiwa wazi hutoka nje. Likiwa limefungwa hutafuta mahali palipo baridi zaidi. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 70 ikigusa ukuta wa nyuzi 14, mvuke hugeuka umande papo hapo, na kuvu haingoji hata umande uonekane, kwani unyevu wa asilimia 80 juu ya ukuta kwa siku kadhaa unaitosha. Ndiyo maana madoa huchagua kona za kuta za nje, nyuma ya kabati na sofa ambako hewa haizunguki, pembeni mwa godoro lililotandikwa chini, na dari ya ghorofa ya mwisho ambayo usiku wa Julai hupoa pamoja na anga. Ukuta wa katikati unaotenganisha vyumba viwili vyenye watu hubaki mkavu, kwa sababu una joto pande zote mbili.

Kwa asiyejua kama maji yake ni ya ukuta au ya hewa, kuna jaribio la bei ya chini. Kipande cha foili ya jikoni, ukubwa wa daftari, hubandikwa ukutani kwa selotepu kingo zote nne na kuachwa siku mbili. Kikibanduliwa, upande ulioloa ndio jibu. Umande ukiwa juu ya foili, upande wa chumba, maji yanatoka hewani na dawa ni kupitisha hewa. Ukiwa nyuma ya foili, maji yanatoka ndani ya ukuta, na dirisha likifunguliwa hata mwaka mzima halitaziba slabu wala kurudisha DPC iliyorukwa. Jaribio hili ni muhimu kwa sababu nyingine pia: linaonyesha kazi ni ya nani. Maji ya ukutani ni ya landilodi kuyarekebisha. Ya hewani yanagawanywa kati ya mpangaji anayeyatoa na mjenzi aliyemwachia au aliyemnyima njia ya kuyatolea.

Je, kuvu ina madhara gani kiafya? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu unyevu na kuvu majumbani mwaka 2009, likihitimisha kuwa wakazi wa nyumba zenye unyevu wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata dalili za kifua, maambukizi ya njia ya hewa na kuzidiwa na pumu. Walio hatarini zaidi ni watoto wachanga, wazee, wenye pumu na wale ambao kinga yao ya mwili imedhoofika. Kwa Baba Dogo hilo linahitaji kupimwa kwa makini. Mtoto anayekohoa hapa huenda anavuta pia moshi wa jiko, vumbi la viwanda na hewa inayotoka upande wa jaa la Dandora. Kuvu huongeza mzigo juu ya mapafu ambayo tayari yana kazi, nayo haiwezi kubebeshwa lawama ya kila kikohozi. Mtoto anayepumua kwa shida au kwa filimbi kifuani apelekwe kituo cha afya kwanza, ukuta usuguliwe baadaye.

Rangi ya kuvu nayo isimtishe mtu kupita kiasi. Hofu ya kuvu nyeusi kuwa sumu inayoua ilipata nguvu Marekani baada ya watoto wachanga kadhaa wa Cleveland kuvuja damu mapafuni mwaka 1993 na 1994. Taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilipochunguza upya kazi yake ilitangaza mwaka 2000 kwamba uhusiano kati ya ugonjwa huo na kuvu haukuthibitishwa. Ushauri wa leo ni mwepesi zaidi: hakuna haja ya kulipia vipimo vya aina ya kuvu. Nyeusi, kijani au nyeupe, zote huondolewa kwa njia moja, na zote zinasema kitu kimoja kuhusu maji.

Kuna kuvu nyingine ya nyumbani ambayo Kenya ina kila sababu ya kuihofia, nayo haioti ukutani. Mwaka 2004 sumu ya aflatoksini, itokanayo na kuvu ya mahindi, iliwafanya watu 317 waugue katika maeneo ya mashariki, hasa Makueni na Kitui, na 125 kati yao wakafa. Mahindi yalihifadhiwa yakiwa mabichi, mengine ndani ya nyumba za kulala. Mwenye gunia la mahindi au maharagwe lililotoka ushago asiliegemeze kwenye ukuta wenye unyevu wala kuliweka sakafuni. Liinuliwe juu ya mbao, na nafaka iliyoota kuvu itupwe. Kuosha, kukoboa au kuchemsha hakuhakikishi kuwa sumu imeondoka.

Tukirudi ukutani, namna ya kusafisha huamuliwa na ukubwa wa doa. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, huweka mpaka wa takriban futi tatu kwa tatu: doa lisilozidi hapo mtu wa kawaida anaweza kulishughulikia mwenyewe. Kubwa zaidi, au linalorudi kila mwezi, linahitaji fundi wa kutafuta maji kabla ya mtu wa kusugua. Mwenye pumu na mama mjamzito wakae mbali kazi ikifanyika, na watoto wapelekwe kwa jirani.

Kosa la kwanza ni kusugua doa likiwa kavu, au kulifagia kwa ufagio. Kufanya hivyo hurusha mamilioni ya vijimbegu hewani, ambavyo hutua kwenye matandiko. Dirisha hufunguliwa, mlango wa koridoo hufungwa ili vumbi lisiende kwa majirani, glavu na miwani huvaliwa, pamoja na barakoa aina ya N95, kwa sababu ile ya kitambaa au ya hospitali ya kawaida haizibi pembeni. Doa hulowanishwa taratibu kwa maji yenye sabuni, husuguliwa kwa brashi laini au kitambaa kuanzia ukingoni kuelekea katikati, kisha hupanguswa kwa kitambaa kingine chenye maji safi. Vitambaa vilivyotumika hufungwa na kutupwa. Baada ya hapo hufuata hatua ambayo wengi huiruka: ukuta ukaushwe kabisa, siku hiyo hiyo, kabati likiwa limevutwa mbali nao.

Jik ina nafasi yake, lakini si ile inayopewa. Juu ya vigae vya bafu au sinki, ambako maji hayanyonywi, huua kuvu vizuri. Kwenye plasta, mbao au silingibodi hubaki juu, huku maji yake, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya chupa, yakizama ndani na kuilisha mizizi iliyosalia. Weupe unaoonekana mara moja ni rangi ya kuvu iliyofifia. Kuvu iliyokufa lakini ikaachwa ukutani huendelea kumwasha mwenye mzio, hivyo kuisugua itoke ni lazima, iwe dawa imetumika au la.

Hatari kubwa zaidi ya Jik ni kuchanganywa. Ikikutana na dawa ya choo yenye asidi, au hata siki, hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kusafishia vioo na kwenye mkojo, hutoa gesi nyingine inayochoma mapafu. Katika bafu la kushirikiana lisilo na dirisha, ambako mpangaji mmoja amemwaga dawa ya choo asubuhi na mwingine anakuja na Jik mchana, mchanganyiko huo unaweza kutokea bila yeyote kukusudia. Suuza kwa maji mengi kwanza, tumia kitu kimoja kwa wakati mmoja, na macho yakianza kuwasha, toka nje.

Vitu vilivyoingiwa na kuvu hadi ndani havioshwi. Godoro la sponji, mto, zulia lililokaa majini, vitabu na silingibodi iliyovimba ni vya kutupwa. Nguo hufuliwa kwa maji moto na kuanikwa juani. Uamuzi huo uliwakabili maelfu ya watu Aprili 2024, mito ya Nairobi na Mathare ilipofurika na maji kuingia nyumbani katika vitongoji vya kando ya mito. Maji ya mafuriko hubeba pia uchafu wa mabomba ya taka, kwa hiyo chochote kinachonyonya kilichozama ndani yake kina matatizo mawili kwa pamoja. Baada ya tukio kama hilo saa 48 za kwanza ndizo zenye thamani: kutoa vitu vilivyolowa nje ya chumba, kupiga deki kwa sabuni, kufungua kila tundu. Jambo moja lisifanywe kamwe, nalo ni kufunga mlango na kuwasha jiko la makaa ili chumba kikauke. Monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi, na imekwisha kuua familia zilizokuwa zikitafuta joto tu.

Sehemu ngumu ni kuzuia doa lisirudi, maana ushauri wa kawaida wa kufungua madirisha husahau kwa nini yalifungwa. Yalifungwa kwa sababu ya baridi, mbu, kelele za koridoo, na mwizi anayepitisha fito yenye ndoano kati ya nondo na kuvua suruali iliyo kitini. Anayefanya kazi zamu ya usiku kiwandani hulala mchana, dirisha likiwa limefungwa na pazia likiwa limeshushwa. Basi ushauri unaofaa ni wa dakika chache kwa saa maalumu: dirisha na mlango vifunguliwe pamoja kwa dakika kumi au kumi na tano baada ya kupika, na tena asubuhi watu wanapoamka, ili hewa ipite upande mmoja na kutokea mwingine. Sufuria ifunikwe inapochemka. Kabati na kitanda viachwe upana wa kiganja kutoka ukuta wa nje. Mapipa na ndoo za maji, ambazo mgao wa maji umezifanya kuwa samani za kila chumba, zifunikwe. Nguo zikilazimika kukauka ndani, zikae karibu na dirisha lililo wazi, zisikae juu ya kitanda usiku.

Wengi hudhani kufungua dirisha siku ya baridi na mawingu ni kukaribisha unyevu. Hesabu inasema vingine. Hewa ya alfajiri ya Julai yenye nyuzi 12, hata ikiwa imeshiba kabisa, haina zaidi ya gramu 11 za maji kwa mita ya ujazo. Ikiingia chumbani na kupata joto la nyuzi 20, unyevu wake hushuka hadi karibu asilimia 60. Hewa ya nje ya Nairobi, tofauti na ya Mombasa, karibu kila mara ni kavu kuliko ile ya chumba walimolala watu wanne.

Wajenzi wa zamani walilijua hilo. Mitaa ya baraza la mji kama Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, iliacha nafasi ya wazi kati ya nyumba na nyumba, na madirisha ya chuma ya enzi zilizofuata yaliwekewa matundu ya kudumu juu, yasiyofungika. Matundu hayo, pale yalipo, leo yamejaa magazeti na vitambaa vilivyosukumwa na wapangaji wakikimbia baridi. Kuyazibua na kuyafunika kwa wavu wa mbu ni kazi ya nusu saa. Huko pwani, mafundi wa Lamu na Unguja walipaka kuta za matumbawe kwa chokaa, ambayo huacha ukuta upumue na ambayo ukali wake kuvu haiupendi. Simiti ilipokuja kuchukua nafasi ya chokaa katika nyumba hizo, unyevu ulifungiwa ndani ya kuta zilizokuwa zimezoea kuutoa.

Landilodi asiyetaka kusikia hayo ana sheria za kumsikilizisha, ingawa hazitumiki sana. Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, yenye mizizi ya mwaka 1921, inahesabu kuwa kero nyumba yoyote ambayo ujenzi wake au hali yake ni hatari kwa afya. Afisa wa afya anaweza kutoa ilani ya kuiondoa kero hiyo, na kama chanzo ni kasoro ya jengo lenyewe, ilani hupelekwa kwa mwenye jengo. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi ya kutosha. Sheria ya kudhibiti kodi, ambayo ingekuwa kimbilio la mpangaji mdogo, inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kilichopitwa na bei za ghorofa za leo.

Uingereza ililipia somo hili kwa uhai wa mtoto. Awaab Ishak, wa miaka miwili, mwana wa familia iliyotoka Sudan, alifariki Desemba 2020 mjini Rochdale, na mwaka 2022 mahakama ya uchunguzi wa vifo ilisema chanzo kilikuwa kuvu ya nyumba waliyopangishwa na shirika la makazi. Baba yake alilalamika tangu 2017, akaambiwa apake rangi juu ya kuvu hiyo. Shirika lilidhani tatizo ni mtindo wa maisha wa familia hiyo. Sheria yenye jina la mtoto huyo ilianza kutumika Oktoba 2025, ikiwabana wapangishaji wa nyumba za umma: malalamiko ya unyevu na kuvu yenye hatari kubwa yachunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, na ya dharura yashughulikiwe ndani ya saa 24.

Mpangaji wa Baba Dogo hana saa 24 zake, ila ana nguvu kwa muda mfupi, kabla ya kulipa dipositi. Chumba kikionyeshwa, kabati la aliyemo livutwe kidogo ikiwezekana, au mkono upitishwe kwenye kona ya ukuta wa nje karibu na sakafu. Rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu, zingine zikiwa kuukuu, inastahili swali. Unga mweupe na rangi iliyofura chini vitazamwe, dari ya ghorofa ya mwisho ikaguliwe kwa tochi ya simu, na matundu ya juu ya dirisha yaangaliwe kama yapo na kama hewa inapita. Jirani wa koridoo ndiye wa kuulizwa habari za Aprili na Julai, kwa kuwa keateka ana sababu ya kuzisahau. Kisha picha za kila ukuta zipigwe siku ya kuhamia na kutumwa kwa keateka kwa ujumbe wa simu wenye tarehe, ili doa likitokea miezi mitatu baadaye kusiwe na ubishi kuhusu lini lilianza, na ili afisa wa afya, akiitwa, awe na pa kuanzia.